Tuanze na Dari, na Matundu ya Hewa Tusiyazibe

(Haya ni maneno ya kamati yetu ya maendeleo kwa wapangaji na wenye nyumba wa mitaa ya Eastlands. Tumeyachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tumeitana leo kwa jambo ambalo kila mmoja wetu hulilalamikia, lakini ni wachache wanaoketi chini kulitafutia dawa. Mwezi wa pili na wa tatu tunalia joto. Mwezi wa sita mpaka wa nane tunalia baridi. Nyumba ni ile ile, paa ni lile lile, na sisi ni wale wale. Joto likija tunafungua mlango na kukaa nje. Baridi ikija tunafunga kila mahali, tunaweka matambara kwenye matundu, halafu tunaingiza jiko la makaa ndani. Hapo ndipo shida inapogeuka kuwa msiba.

Kwa hiyo neno letu la leo ni fupi, na mtu akitaka kwenda nyumbani mapema anaweza kulichukua sasa hivi: nyumba hulindwa kwanza kwa juu. Tutengeneze dari. Matundu ya hewa tuyaache wazi. Haya mengine yote tutakayosema ni maelezo ya hayo mawili.

Nyumba zetu na umri wake

Nyumba za Eastlands hazikujengwa siku moja wala kwa mkono mmoja. Starehe, Ziwani na Kaloleni ni za miaka ya 1940. Ofafa na Mbotela ni za miaka ya 1950. Mtaa wa Uhuru ulikuja wakati wa uhuru wenyewe, miaka ya 1960. Miaka ya 1970 zikaja Buruburu, Umoja, na viwanja vya Dandora vilivyotolewa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo mtu alipewa ploti yenye maji na choo akaanza kujijengea mwenyewe.

Kwa hiyo mapaa yetu ni ya namna nyingi. Kuna vigae vyekundu kama vile vya Buruburu. Kuna mabati. Kuna yale mabamba mazito ya kijivu ya asbestosi, ambayo tutayasemea peke yake baadaye. Tena kuna vile vyumba vya mabati mtupu, paa na ukuta, ambavyo watu wameviongeza uani katika nyumba nyingi za zamani za kanjo kwa sababu watoto wamekua na chumba kimoja hakitoshi.

Nyumba nyingi kati ya hizo, hasa zile za zamani na vile viongezo vya uani, hazina dari. Ukiinua macho kitandani unaona mabati au vigae. Waliozijenga zile za kwanza walizihesabu kuwa mahali pa mfanyakazi kulala tu, si mahali pa familia kukaa miaka 60. Lakini familia ndizo zilizokaa, na bado zinakaa.

Joto na baridi hupitia wapi

Tuanze na jua. Nairobi iko karibu sana na mstari wa ikweta. Mwezi wa tatu na wa tisa, saa sita mchana, jua liko juu ya utosi. Ukuta saa hiyo hupata kivuli chake wenyewe, lakini paa hupigwa sawasawa kutoka asubuhi mpaka jioni. Ndiyo maana tunasema juu kwanza. Kule Ulaya jua husimama chini chini na kuupiga ukuta na dirisha. Hapa kwetu linapiga kichwa cha nyumba.

Sasa tazama kile kinachopigwa. Bati la kawaida halifiki hata nusu milimita kwa unene, na ni chuma. Chuma hupitisha joto mara mamia kuliko ubao. Bati lililozeeka na kushika kutu likipigwa na jua la mchana laweza kupita nyuzi 60. Hapo linakuwa kama jiko lililopinduliwa juu ya vichwa vyetu: hata ukikaa mbali nalo, unasikia linakuchoma utosini. Hilo si joto la hewa peke yake. Ni mionzi ya joto inayotoka kwenye bati moja kwa moja mpaka mwilini, na kufungua dirisha hakuizuii.

Usiku mambo hugeuka. Bati lile lile lililopata moto upesi hupoa upesi. Usiku usio na mawingu lenyewe laweza kuwa baridi kuliko hewa ya nje. Pumzi zetu, na mvuke wa sufuria, hupanda, hugusa bati baridi na kuwa maji. Asubuhi mama anasema paa linavuja, na mvua haikunyesha! Paa halivuji. Ni pumzi zetu zinazoturudia.

Julai hapa Nairobi, usiku hushuka mpaka karibu nyuzi 10 au 12. Februari mchana hupanda mpaka 27 au 28. Mtu wa Mombasa atacheka akisikia tunaita hilo joto. Lakini hivyo ni vipimo vya nje, mahali penye upepo na kivuli. Mwaka 2017 wataalamu walichapisha matokeo ya vipimo walivyochukua Kibera, Mathare na Mukuru, wakavilinganisha na vya kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti. Waliona mitaa hiyo ina joto zaidi kwa nyuzi kadhaa. Mabati mengi, miti michache, nyumba zimebanana: sababu tunaziona kila siku tukitoka mlangoni.

Na baridi je? Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya nyumba na afya. Kwa nchi zenye majira ya baridi lilisema ndani ya nyumba pasiwe chini ya nyuzi 18. Sisi hatuna theluji, lakini chumba cha mabati saa kumi usiku mwezi wa saba hakifiki 18, na aliyelala humo ni mtoto mchanga au nyanya mwenye pumu. Wao ndio wa kwanza kuumia.

Watangulizi wetu walilijua hili

Wale wetu waliotoka Pwani wanaijua nyumba ya makuti. Paa ni nene, lina hewa katikati ya majani, na upepo unapita chini yake. Zile nyumba za mawe za Lamu zina kuta za matumbawe za karibu nusu mita, na dari ya boriti yenye chokaa nzito juu yake. Waliotoka bara wanaikumbuka nyumba ya nyasi: mchana baridi, usiku joto. Hakuna aliyekwenda chuo kikuu kujifunza hayo. Walichotumia ni hewa iliyotulia. Hewa isiyotembea ndiyo blanketi bora kuliko zote, na ndiyo iliyomo ndani ya majani, ndani ya sweta, na ndani ya manyoya ya kuku.

Mabati yalipokuja tulipata paa lisiloshika moto, lisilooza, na linalokinga maji ya mvua. Hilo ni jema, hatulilaumu bati. Lakini tuliiacha ile hewa iliyotulia. Dari ndiyo inayoirudisha.

Dari yenyewe

Haya, tuingie kazini. Kabla ya dari, tengeneza paa. Tafuta kila tundu la msumari na kila bati lililoinuka. Dari chini ya paa linalovuja hulowa, huvimba, na mwisho huangukia watu. Ukiwa na uwezo, na kama bati ni zima, lipake rangi nyeupe juu. Rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua huko lilikotoka. Inasaidia Februari. Kwa baridi ya Julai haina msaada wa maana, kwa hiyo usidhani rangi imemaliza kazi ya dari.

Sasa hesabu. Chukua chumba cha futi 10 kwa 10, kama vyumba vyetu vingi. Siling bodi huuzwa futi 8 kwa 4. Fundi wengi watakwambia ununue bodi nne. Tupige hesabu pamoja. Bodi mbili zikilala ubavu kwa ubavu zinafunika 8 kwa 8. Zinabaki kingo mbili za upana wa futi 2. Bodi ya tatu, ukiipasua katikati kwa urefu, inatoa vipande viwili vya futi 2 kwa 8, na vyote viwili vinaingia kwenye zile kingo. Sasa kimebaki nini? Kona moja tu, ya futi 2 kwa 2. Kwa ajili ya kona hiyo unanunua bodi nzima ya nne!

Lakini bodi moja hutoa vipande vinane vya 2 kwa 2. Maana yake majirani wanane wenye vyumba vya kipimo hicho, wakinunua pamoja, watahitaji bodi 25. Kila mmoja akienda dukani peke yake, watanunua 32. Bodi saba zimepotea kwa sababu tu watu hawakuzungumza. Hiyo ndiyo sababu tunawaambia mlete jambo hili kwenye chama, lisiwe la mtu na fundi wake tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa fremu, mbao za mbili kwa mbili: mistari sita upande mmoja, kila futi 2, na mistari minne ya kukatiza, penye futi 0, 4, 8 na 10. Jumla ni kama futi 100 za mbao kwa chumba. Ukizipanga hivyo kila kiungo cha bodi kitakaa juu ya ubao, hakuna kitakachoning'inia. Bila shaka kuta zetu za zamani hazikunyooka, kwa hiyo pima kwanza pande zote nne kabla ya kukata hata kipande kimoja.

Funga bodi kwa skrubu, usitumie misumari. Sababu yake tutaisema tukifika kwenye habari ya landilodi.

Kati ya dari na paa acha nafasi. Pale juu, kwenye pande mbili zinazotazamana, acha matundu ya kupitisha upepo, na uyafunike kwa waya wa matundu madogo. Upepo ule unatoa joto la mchana na unyevu wa usiku. Waya unazuia panya, popo na ndege. Tunajua watu wengi wanaikataa dari kwa sababu ya panya, na hawajakosea. Panya huingia penye tundu la kidole gumba. Kwa hiyo ziba pale mbao zinapokutana na ukuta kwa simiti, na usihifadhi juu ya dari nafaka, nguo wala makaratasi.

Je, tuweke kitu juu ya dari? Mwenye uwezo anaweza kuweka yale mablanketi ya nyuzi za kioo au sufi ya mawe yanayouzwa kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi. Hayo hayashiki moto kwa urahisi. Anayeyaweka afunike pua na mdomo na avae glavu, maana yanawasha. Kwa asiye na uwezo huo, karatasi ya kung'aa ya alumini inasaidia sana dhidi ya joto la Februari, kwa kuwa inarudisha zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za ile mionzi ya bati. Lakini ina masharti mawili. Upande unaong'aa lazima utazame nafasi yenye hewa. Ukiubana kati ya vitu viwili haufanyi kazi. Na ni afadhali utazame chini, maana ukitazama juu vumbi hulala juu yake na mng'ao unakwisha.

Sharti la tatu ni la uhai: alumini hupitisha umeme. Nyumba zetu nyingi nyaya zake ni za kuungaunga, na nyingine zimepita juu ya mbao zikiwa wazi. Kabla ya kuweka dari ya aina yoyote, fundi wa umeme anayejua kazi yake azikague nyaya hizo na kuziingiza ndani ya paipu. Usikubali skrubu ipigwe mahali ambapo hujui waya umepita.

Vitu vya kuepuka ni hivi: katoni, magunia, magodoro ya zamani, na yale mabamba meupe mepesi yanayokuja na televisheni mpya kwenye boksi. Mtu anaona vitu vya bure. Katoni hukaribisha kunguni na mende. Godoro na yale mabamba meupe yakishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu, na katika nyumba zilizobanana moto wa chumba kimoja ni moto wa mstari mzima. Mtaa mzima usihatarishwe kwa ajili ya kuokoa bodi tatu.

Matundu ya hewa na jiko

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini zaidi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, ufa uzibwe. Lakini si kila tundu ni ufa. Zile nyumba za zamani ziliachiwa matundu juu ya dirisha au juu ya mlango kwa makusudi. Ndiyo pua ya nyumba. Na kila Juni tunayajaza magazeti na matambara.

Mtu atasema: lakini jiko langu nimeliwasha nje, nimengoja moshi uishe, ndipo nikaliingiza. Jamani, hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu. Haina rangi. Haikohozi mtu. Ikiingia mwilini inashika damu mahali ambapo hewa safi ilitakiwa kushika, na mtu anakosa hewa huku anapumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na usingizi mzito. Aliye macho anadhani ni malaria au uchovu. Aliyelala hadhani kitu.

Tena tuseme ukweli wote juu ya dari: ukiiweka, chumba kinakuwa kifupi. Hewa iliyomo ndani inapungua. Jiko ambalo jana liliwaumiza watu kichwa, kesho ndani ya chumba chenye dari na matundu yaliyozibwa laweza kuwaua. Kwa hiyo atakayeweka dari na kuziba matundu, na jiko likabaki ndani, afadhali angeiacha nyumba yake kama ilivyokuwa. Hatusemi hivyo kuwatisha. Tunasema kwa sababu dari nzuri ndiyo inayotuwezesha kuliacha jiko nje. Pumzi na miili ya watu watano ni moto wa kutosha kwa chumba cha futi 10, ikiwa joto hilo halipotei kwa juu.

Kwa hiyo sheria zetu ni hizi. Chumba cha kulala kiwe na tundu la hewa la kudumu, lisilozibwa hata Julai, na tundu lenyewe liwe chini ya dari, si juu yake. Jiko la makaa lisilale ndani, hata kwa dakika za kupasha chumba kabla ya kulala. Mkiamka vichwa vinauma nyote kwa pamoja, tokeni nje kwanza, fungueni kila mahali, mpelekeni aliyezidiwa hospitalini, na mkamweleze daktari kwamba kulikuwa na jiko ndani. Akijua hilo atawahi dawa inayofaa.

Hewa inayopita inatusaidia na kifua kikuu pia, ugonjwa unaopenda vyumba vilivyofungwa vyenye watu wengi. Upepo mdogo chini ya mlango unaozipiga miguu unaweza kuuziba kwa tambara, hilo halina neno. Tundu la juu liache.

Mabamba ya asbestosi

Asbestosi si ile rangi ya bamba wala simiti yake. Ni nyuzi ndogo sana zilizochanganywa na simiti ili bamba liwe imara. Bamba likiwa zima, nyuzi zimefungwa humo. Likivunjwa, likikatwa kwa msumeno, likitobolewa au kusuguliwa kwa brashi ya waya, nyuzi huruka hewani. Mtu akizivuta huingia mapafuni na hazitoki. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbestosi huleta saratani, ya mapafu na ya ngozi inayozunguka mapafu, na ugonjwa huja baada ya miaka mingi. Katika nchi yetu, Kanuni za Usimamizi wa Taka za mwaka 2006 zimeiweka asbestosi kati ya taka za hatari.

Je, mwenye paa hilo afanye nini? Asikimbilie kulipandia na nyundo. Kama ni zima, dari ya chini yake ni jambo jema, mradi fremu ifungwe ukutani au kwenye mbao za paa, bila kugusa bamba lenyewe. Vumbi la chumbani lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa, lisifagiliwe kavu. Kama mabamba yamevunjika au yanabomoka, kazi ya kuyatoa ni ya wenye leseni, na yanakotupwa ni mahali palipoidhinishwa. Ulizeni ofisi za NEMA, yaani mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Na vipande vilivyolala uani tusiwaachie watoto wavichezee, wala tusivitumie kuzibia shimo la njia.

Ukuta

Mtaona tumechelewa kuufikia ukuta. Ni kwa makusudi. Ukuta wa mawe una shida moja na baraka moja. Baraka ni kwamba mawe ni mazito, hupata joto polepole na kulitoa polepole, kwa hiyo jioni bado yanatupa joto la mchana. Shida ni maji. Ukuta uliolowa hupoteza joto upesi kuliko mkavu, na hukuza ule ukungu mweusi unaowaumiza wenye pumu. Dawa yake ni mfereji wa maji ya mvua usiovuja, udongo usioegemea ukutani, plasta iliyopasuka izibwe, na nguo zilizofuliwa zianikwe nje.

Ukuta unaotazama magharibi ndio unaopikwa na jua la mchana. Huo unataka kivuli: mti, mmea wa kutambaa, au kibaraza kidogo. Kivuli kilicho nje ya ukuta kinashinda pazia lililo ndani, kwa sababu jua lililokwisha kuingia limekwisha kuingia.

Ukuta wa mabati ni habari nyingine. Huo unataka kufanywa kama dari: fremu ya mbao kwa ndani, nafasi ya inchi mbili, halafu bodi. Lakini ukiwa na pesa za kimoja tu, fanya dari kwanza.

Ruhusa na landilodi

Sasa lile swali ambalo wengi walikuwa wakingoja kuliuliza: nitoeje pesa yangu katika nyumba isiyo yangu? Na wale wa nyumba za kanjo, ambazo tangu 2013 ziko chini ya Kaunti ya Nairobi, wanauliza zaidi: nitoeje pesa katika nyumba ambayo labda itabomolewa? Tumeiona Pangani ya zamani ikivunjwa ili maghorofa yajengwe. Swali hili ni la haki, na hatuwezi kulijibu kwa kusema vumilieni.

Jibu letu ni la fundi. Tumia skrubu. Dari iliyofungwa kwa skrubu huteremshwa kwa siku moja, ikahama na mwenyewe kama kitanda na kabati. Hata mbao za fremu zinahama. Iliyopigwa misumari inabaki au inavunjika. Anayehesabu hivi haweki pesa katika nyumba ya mwingine. Ananunua kitu chake mwenyewe ambacho kwa sasa kimening'inia hapo.

Pili, omba ruhusa kwa maandishi, na weka nakala. Andika ndani yake kwamba dari ni yako na utaondoka nayo. Kwa landilodi wa ploti, zungumza naye kabla ya kununua. Landilodi mwenye busara atakubali kupunguza kodi ya miezi michache ili dari ibaki, maana nyumba yake imepanda thamani. Akikubali, iandikwe pia. Maneno ya mlangoni husahaulika wakati wa kodi.

Na ninyi wenye nyumba mliofika, tunawaambia kwa heshima: mpangaji anayelala vizuri hahami. Dari ya vyumba vinane ni bodi 25. Lipigieni hesabu hilo kabla ya kuongeza chumba cha tisa.

Tufanye nini tukitoka hapa

Kila kundi la majirani lipime vyumba vyake wiki hii na kuandika vipimo. Kila nyumba itazame matundu yake ya hewa na kutoa kilichozibwa humo, leo jioni, maana hiyo haihitaji mchango wa mtu. Wenye paa la asbestosi waandikishe majina kwa mwandishi wa kamati ili tupeleke swali moja kwa pamoja, wala si kila mtu peke yake. Na vyama vinavyochangishana kila mwezi vianze na chumba anacholala mtoto mdogo zaidi au mzee mgonjwa zaidi, hata kama si zamu yake.

Ukitaka kujua kama dari yako inafanya kazi, nunua kipimajoto kidogo. Kitundike usawa wa kitanda, andika kinachosomeka saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri kwa wiki moja kabla ya dari na wiki moja baada yake. Zilete hizo karatasi kwenye mkutano ujao. Vipimo vya chumba cha Jericho au Maringo, vilivyoandikwa na mwenye chumba, vitawafundisha majirani zaidi ya hotuba yetu hii.

Sasa maswali, na tuanze na kina mama walioketi nyuma.